Kama Watu wa Beroya

JUMANNE

Soma kwa ajili ya somo la leo: Matendo 17:10–12, Kumbukumbu la Torati 13:1–4, Mathayo 24:23–36, 1 Yohana 4:1–3.

Mwezi Aprili mwaka 2023, polisi nchini Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Kazi ilipoendelea, miili iliyopatikana ilizidi 400, miongoni mwao watoto wengi. Watu hao walikuwa wameaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Miaka 23 kabla ya hapo, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini waliteketea kwa moto huko Kanungu, Uganda, baada ya siku ya mwisho wa dunia waliyotangaziwa kupita bila kitu. Makundi yote mawili yalilitaja jina la Kristo. Shida yao haikuwa kukosa Biblia, bali kumwachia mtu mwingine aisome kwa niaba yao.

Soma Matendo 17:11. Watu wa Beroya walilipokeaje neno? Kwa nini Luka anawasifu?

Aliyehubiri Beroya alikuwa Paulo, mtume wa Bwana. Hata hivyo wasikilizaji wake waliyachunguza Maandiko kila siku ili kuona kama aliyosema ni kweli. Walipokea kwa moyo wa utayari, na papo hapo walipima. Ikiwa mtume alipimwa, mchungaji, mzee wa kanisa na mwandishi wa somo hili wapimwe pia. Mwalimu anayekasirika akiulizwa, “Imeandikwa wapi?” anatupa sababu ya kujihadhari naye.

Soma Kumbukumbu la Torati 13:1–4. Ishara ya nabii ikitimia, je, hiyo yatosha kumwamini?

Musa anasema haitoshi. Swali kubwa ni hili: fundisho hilo linatuelekeza kwa nani? Likituondoa katika kumpenda Mungu na kuzishika amri zake, muujiza hauwezi kulitakasa.

Nasi Waadventista tusiwacheke waliodanganyika. Wafuasi wa William Miller walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, naye hakuja. Baadhi yao waliacha imani. Wengine waliendelea kupanga tarehe mpya. Lakini wachache walirudi katika Maandiko kwa machozi, wakakubali kwamba walikosea kuhusu tukio lililotajwa katika Danieli 8:14, wakaanza kujifunza juu ya patakatifu pa mbinguni. Wote walikuwa wamekosea. Waliojenga upya ni wale waliokubali kusahihishwa na Neno.

Siku hizi fundisho huingia nyumbani kwa njia ya simu kabla mzee wa kanisa hajalisikia. Katika kanisa moja nililotembelea, dada mmoja aliacha dawa zake za kisukari baada ya kusikiliza mahubiri aliyotumiwa. Darasa lake halikujua neno hadi alipobebwa kupelekwa hospitali. Alipopata nafuu, alituambia, “Niliogopa kuuliza. Nilidhani mngeniona sina imani.” Maneno yale yalitukemea sisi kuliko yeye. Uongo hustawi mahali ambapo kuuliza ni aibu.

Tafakari: Je, kuna jambo unaloliamini kwa sababu tu umelisikia mara nyingi? Ungeonyesha wapi katika Biblia kwamba ni kweli?

Maswali ya kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya moyo wa kuchunguza na moyo wa kubishana? Ulinganishe mfano wa Beroya na 2 Timotheo 2:23–25.

2. Mtu akileta fundisho geni darasani leo, tumjibuje ili asiende kulitafutia majibu gizani?

3. Nani katika darasa letu ameacha kuja karibuni? Nani atamtembelea wiki hii?