Kuitunza Pikipiki Nyumbani: Kazi Nne na Sababu Zake

Eneo la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, lilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Siku hizi sehemu kubwa ya mizigo na abiria wa Kariakoo hubebwa na pikipiki. Tangu zilipotungwa kanuni za leseni za pikipiki za abiria mwaka 2010, chombo hiki kimekuwa riziki halali ya vijana wengi. Baadhi yao huendesha pikipiki isiyo yao, na kila jioni yawapasa kumpelekea mwenyewe hesabu. Injini ikifa, hesabu haisubiri.

Katika somo hili tutaeleza kazi nne ambazo mwendeshaji aweza kuzifanya mwenyewe uani, kwa spana chache na tambara safi. Kusudi letu si kumnyang'anya fundi kazi yake. Twataka msomaji ajue kwa nini kila kazi hufanywa, maana ajuaye sababu hujua pia wakati wa kuifanya.

Kilomita hazisemi yote

Pikipiki nyingi za mjini zina injini ya silinda moja yenye mipigo minne: kuvuta hewa na petroli, kugandamiza, kuwaka, na kutoa moshi. Injini ya namna hiyo ilifanikishwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, pistoni hupanda na kushuka mara 5,000, na petroli huwaka mara 2,500. Kinachozuia chuma kisilane na chuma ni utando mwembamba wa oili.

Oili hiyo aghalabu ni kiasi cha lita 1 tu, nayo huhudumia injini, gia na klachi kwa pamoja. Aidha, injini nyingi za pikipiki hizi hupozwa na upepo wa mwendo upitao katika mapezi yake. Sasa itazame pikipiki katika Mtaa wa Uhuru saa za msongamano. Yajongea kwa gia ya kwanza, klachi yashikwa na kuachiwa, na upepo wa kuipoza hakuna.

Tufanye hesabu. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, kwa saa moja imezunguka mara 150,000, hali mita yaweza kuonyesha kilomita 6 tu. Katika barabara iliyo wazi, tuseme kwa mizunguko 5,000 kwa dakika na mwendo wa kilomita 60 kwa saa, mizunguko hiyohiyo ingeifikisha pikipiki kilomita 30. Kwa hiyo kilomita 6 za Kariakoo zaweza kuichosha injini sawa na kilomita 30 za njia kuu. Kitabu cha pikipiki kikisema oili ibadilishwe kila kilomita 3,000, mwendeshaji wa mjini asingoje zitimie. Afadhali aibadilishe kwenye 2,000. Aendaye kilomita 100 kwa siku hufikia kiwango hicho kwa siku 20.

Kazi ya kwanza: kumwaga oili

1. Iwashe injini dakika tatu hivi, kisha uizime. Oili yenye vuguvugu hutiririka vizuri na kuchukua uchafu. Jihadhari na bomba la moshi, maana huunguza.
2. Simamisha pikipiki wima mahali palipo sawa. Weka chombo chini, fungua bolti ya kumwagia, na uiache oili ichuruzike yote.
3. Rudisha bolti na wosha yake. Kaza kwa kiasi. Sehemu ya chini ya injini ni ya aluminiamu, na nyuzi zake hukatika upesi.
4. Tia oili mpya kwa kipimo cha kitabu. Washa injini dakika moja, izime, ngoja kidogo, kisha hakikisha kwamba oili i kati ya alama mbili za kipimo.

Chagua oili ya pikipiki yenye uzito uliotajwa kitabuni. Ikiwa klachi ya pikipiki yako huoga katika oili ya injini, kama ilivyo kwa nyingi, tafuta kwenye kopo alama ya JASO MA au MA2. Baadhi ya oili za magari zina viungo vinavyoifanya klachi iteleze. Ama oili chafu, usiimwage mtaroni. Maji ya mitaro huishia mabondeni na mitoni, na Mto Msimbazi hukimbilia Bahari ya Hindi. Itie katika galoni, uifunge, uipeleke gereji wanakokusanya oili chafu.

Kazi ya pili: hewa na cheche

Ili lita 1 ya petroli iungue sawasawa, yahitaji takriban lita 9,000 za hewa. Hewa hiyo yote, pamoja na vumbi la mtaani, hupita katika kichujio. Kichujio kikiziba, injini hukosa pumzi na kula petroli bure. Kikiondolewa, mchanga huingia na kusaga ringi na silinda kama msasa.

Kichujio cha sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa kivulini, kisha hupakwa oili safi kidogo. Kichujio cha karatasi hakioshwi. Hukung'utwa polepole, na kikichakaa hubadilishwa.

Injini ikiwa imepoa, fungua plagi uitazame ncha yake. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Masizi makavu meusi huonyesha kwamba petroli ni nyingi au hewa ni chache. Weusi wenye unyevu wa oili huonyesha kwamba oili yaingia mahali pa kuwakia, na weupe mkali huonyesha joto kupita kiasi. Kwa dalili hizi mbili za mwisho, mwone fundi mapema.

Kazi ya tatu: cheni

Zima injini, weka gia huru, kisha inua na kushusha cheni katikati kwa kidole. Kwa pikipiki nyingi za aina hii yapasa icheze kati ya milimita 20 na 30. Ikilegea sana yaweza kuruka. Ikikazwa mno hula beringi. Legeza nati ya ekseli, geuza virekebishaji vya pande zote mbili kwa alama zilizo sawa, kisha kaza nati barabara. Kamwe usipake cheni oili huku injini ikiizungusha. Vidole vingi vimepotea hivyo.

Kazi ya nne: breki

Mwendo ukiongezeka kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, nishati ambayo breki lazima iigeuze kuwa joto huongezeka mara nne, wala si mara mbili. Kwa hiyo breki haitaki makisio. Kwa breki za ngoma, kaza nati ya kurekebishia mpaka breki ishike mapema, kisha zungusha gurudumu kuhakikisha kwamba linapita huru. Mshale wa kuonyesha ulikaji ukivuka alama yake, badilisha viatu vya breki. Usipulize vumbi lake kwa mdomo, kwa kuwa baadhi ya viatu vya breki vimetengenezwa kwa asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lipanguse kwa tambara bichi. Mwisho, jaribu breki kwa mwendo mdogo kabla ya kumpakia abiria.

Mipaka ya kazi ya nyumbani

Valvu, gia za ndani na breki za majimaji mwachie fundi. Uendapo Gerezani kununua spea, chukua kifaa cha zamani ukilinganishe na kipya.

Hatimaye, weka daftari. Andika tarehe, kilomita, kazi uliyofanya na dalili ulizoziona. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuonyesha tabia ya pikipiki yako, nawe utautambua ugonjwa wake ungali mdogo. Kuchunguza, kupima na kuandika ndiyo njia ya sayansi, nayo yaweza kuanzia uani kwako.