Maji yaliyoua watu 7: Jinsi chanzo kilivyofichuliwa

Mama akiniletea mtoto anayehara, huwa namuuliza maswali kadhaa kabla ya kuandika dawa. Je, kuna mwingine anayehara nyumbani? Majirani je? Mnatumia maji ya wapi? Wengine hudhani ninawapotezea wakati. Lakini msomaji, maswali kama hayo yaliwahi kuuokoa mji mzima.

Mji wenyewe ni Walkerton, katika mkoa wa Ontario nchini Kanada. Mnamo Mei 2000 ulikuwa na wakazi wapatao 4,800. Kuanzia tarehe 8 hadi 12 mwezi huo, mvua kubwa ilinyesha. Siku chache baadaye, watu wakaanza kuumwa na tumbo na kuhara, wengine wakihara damu.

Watoto 2 walilazwa katika hospitali ya mji jirani wa Owen Sound. Daktari wa watoto aliona kwamba wote wawili walitoka Walkerton. Alishuku kiini kiitwacho E. coli O157:H7, ambacho huishi matumboni mwa ng'ombe. Sumu yake huweza kuharibu figo, hasa za watoto wadogo. Tarehe 19, bila kungoja majibu ya maabara, aliwaarifu maafisa wa afya ya umma.

Mara nyingi kiini hicho huenezwa na nyama isiyoiva vizuri. Lakini wagonjwa hawa walikuwa wazee kwa watoto, kutoka nyumba mbalimbali, na hawakuwa wamekula pamoja. Walichoshiriki wote ni maji ya mfereji.

Maafisa walipiga simu kwa idara ya maji ya mji. Wakajibiwa kwamba maji ni salama. Kumbe tangu tarehe 17 msimamizi alikuwa amepokea matokeo ya maabara yaliyoonyesha kwamba maji yamechafuka, naye akanyamaza.

Tarehe 20, uchunguzi wa awali wa kinyesi ulionyesha kwamba ni E. coli. Kesho yake maafisa waliwatangazia wakazi wachemshe maji, ingawa walikuwa wameambiwa hayana kasoro. Pia walichukua maji wenyewe wakayapeleka maabara. Tarehe 23 majibu yalirudi: maji yalikuwa na viini.

Waliorodhesha siku ambayo kila mgonjwa alianza kuugua, kisha wakaweka alama kwenye ramani penye nyumba yake. Ramani ilionyesha kwamba wagonjwa walitapakaa kote mabomba ya mji yalikofika. Tarehe nazo ziliwarudisha kwenye siku za mvua ile.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Dennis O'Connor ilieleza chanzo. Mvua ilikuwa imesomba viini vya samadi kutoka shamba la karibu hadi kisima nambari 5, ambacho hakikuwa kirefu. Mfugaji hakulaumiwa, kwani alifuata utaratibu unaokubalika. Kosa lilikuwa kwamba klorini iliyotiwa majini haikutosha, na wafanyakazi waliandika vipimo vya uongo vitabuni. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,300 waliugua.

Tunajifunza nini? Kwanza, maji yanayong'aa glasini yanaweza kuwa na viini. Pili, neno la mkubwa ofisini si kipimo cha maabara. Tatu, anayengoja uhakika kamili huchelewa.

Kwa hivyo, wawili au watatu wakihara nyumbani au plotini kwenu kwa wakati mmoja, mwarifuni afisa wa afya ya umma au kituo cha afya kilicho karibu. Msione haya. Chemsheni maji ya kunywa, ya kupigia mswaki na ya kuoshea matunda. Yatokote sawasawa kwa angalau dakika 1, kisha yahifadhiwe katika chombo safi chenye kifuniko.

Anayehara apewe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Akihara damu, akilegea au akiacha kukojoa, apelekwe hospitalini mara moja. Usimnunulie dawa ya kufunga tumbo, kwani inaweza kumzidishia madhara.

Na daktari akikuuliza kuhusu majirani, tafadhali mjibu. Huenda jibu lako ndilo alama ya kwanza kwenye ramani.