Kagua Meno Kabla ya Kununua Ngamia
Nundu iliyojaa yaweza kumdanganya mnunuzi sokoni, akamlipia ngamia mzee bei ya kijana. Umri husomwa kwenye meno ya mbele ya taya la chini. Ngamia mchanga ana meno 6 ya utoto hapo, madogo na membamba. Akikaribia miaka 5, mawili ya katikati hung'oka na kuota ya kudumu, mapana zaidi. Jozi ya pili hubadilika karibu na miaka 6, ya tatu karibu na 7. Juu, katikati, msitafute meno. Pana ufizi mgumu tu. Baada ya hapo kukisia ni kugumu: meno hulika, na mchanga wa malishoni huharakisha. Yaliyobaki visiki hayatafuni miiba vyema, na maziwa hupungua. Mwenye ngamia ndiye amfungue mdomo. Chonge zake hujeruhi vibaya.