Vitamini C na Kipimo cha Mkojo

Vitamini C hulinda chembechembe za mwili zisiharibike. Ikizidi, mwili huitoa kwa mkojo. Njia moja ya kuipima ni hii: mkojo hutiwa asidi kidogo, kisha dawa ya rangi ya buluu, tone kwa tone. Vitamini huifuta rangi hiyo. Ikifuta matone mengi, basi ni nyingi.

Mbona tujali? Kile kijikaratasi cha kupimia sukari kwa mkojo pia hubadilika rangi. Vitamini C nyingi yaweza kukizuia, na mwenye ugonjwa wa sukari akaambiwa yu mzima. Kwa hivyo ukienda zahanati, taja vidonge unavyomeza, na uulize kuhusu kipimo cha damu.

Jadilianeni: Nani kati yetu humeza vidonge hivi?