Barua za utume zilizotiwa chumvi

Shangazi, nina miaka 22, natoka usharika mmoja wa Kilutheri mkoani Kilimanjaro. Dayosisi imenituma Ujerumani kwa mwaka mmoja, na sasa nahudumu katika nyumba ya wazee karibu na Leipzig. Nilidhani nitahubiri, nitafundisha kwaya na kukua kiroho. Badala yake nabadilisha mashuka, nalisha wazee, nasukuma viti vya magurudumu na kuhangaika na Kijerumani. Usharika wangu ulinichangia nauli, na kila mwezi mchungaji husoma barua yangu wakati wa matangazo. Nimeandika kwamba wazee wengi wanamrudia Mungu. Ukweli ni kwamba kuna bibi mmoja tu anayependa nimwimbie ninapomkata kucha. Siku hizi hata kusali nashindwa. Niombe kurudishwa nyumbani? – Binti wa Mlimani

Mwanangu, la kurudi nitalijibu, ila umefunga kitita kimoja mambo matatu: kazi unayoiona duni, sala iliyokauka na taarifa zisizo za kweli. Ulivyoyapanga, ni kana kwamba kazi duni ndiyo imezaa hayo mengine. Mimi naona mzazi ni hizo taarifa. Mtu anayejua kwamba mwisho wa mwezi lazima apate habari ya kushangiliwa, huanza kuwatazama wazee kwa jicho la kuwinda: nani kalia leo, nani kataja jina la Yesu, nani anafaa kuandikwa. Usiku akipiga magoti hana la kusema, kwa sababu kutwa nzima alikuwa akizungumza kimoyomoyo na watu wa nyumbani. Tena Mungu anayemwendea anaijua barua ile na anajua yaliyotokea kweli. Ulimi utaachaje kuwa mzito?

Tumwangalie mtu wa huko huko uliko, aliyefanya safari yako kinyumenyume. Johannes Rebmann alizaliwa Gerlingen, karibu na Stuttgart, akafika Mombasa mwaka 1846 na kuanza kazi Rabai pamoja na mmisionari mwenzake Ludwig Krapf. Alikaa hadi 1875, akaondoka kipofu, akafariki mwaka uliofuata. Kwa miaka yote hiyo 29 waliobatizwa walikuwa kikundi kidogo mno. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kukaa na watu, kuuliza hiki kinaitwaje na kile kinaitwaje, na kuandika. Kamusi yake ya Kinyanja ilichapishwa akiwa ameshazikwa. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kupamba barua, ni huyo. Lakini ona yaliyompata alipoandika kweli tupu. Tarehe 11 Mei 1848 aliuona mlima wa kwenu, na taarifa yake kwamba kuna theluji karibu na ikweta ilipofika London, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley aliipinga kwa kejeli. Rebmann hakuyageuza maneno yake ili apendwe. Ilipita zaidi ya miaka 10 ndipo msafara wa mvumbuzi Baron von der Decken ukathibitisha kwamba theluji ipo. Angekuwa amezoea kuongeza idadi ya waongofu, nani angemwamini juu ya theluji?

Utasema, Shangazi, mimi nilichangiwa na mama muuza ndizi. Ana haki ya kuona matunda. Chama cha wamisionari cha CMS kilichomtuma Rebmann nacho kiliishi kwa michango ya waumini wa kawaida wa Uingereza, kwa hiyo shinikizo hilo halijaanza na kikundi cha WhatsApp cha usharika wenu. Haki ya mama huyo ni kujua fedha yake imefanya nini. Imempeleka binti Leipzig, naye anawahudumia wazee. Hiyo ni habari kamili na hana sababu ya kuionea aibu. Unapomwandikia muujiza ambao haukutokea unamnyima haki hiyo, na zaidi unamtegea kijana anayekusikiliza kwenye benchi la nyuma, ambaye mwakani atapanda ndege akitarajia wazee wanaolia kwa toba. Atakuta mashuka, atadhani mwenye kasoro ni yeye peke yake. Huenda hata wewe ulikuja na matarajio yaliyopikwa na barua za mtangulizi wako.

Pingamizi lililo zito zaidi ni hili: mashuka hata asiyeamini huyabadilisha, tena kwa mshahara. Ni kweli, na sitakwambia kwamba kufua ni kuhubiri. Maneno ya namna hiyo hutolewa na watu wasiofua. Lakini jiulize umeingia nchi gani. Leipzig ilikuwa ndani ya Ujerumani Mashariki, iliyotawaliwa na serikali ya kikomunisti kuanzia 1949 hadi 1990, na vijana walioshikamana na kanisa wangeweza kufungiwa mlango wa chuo kikuu. Wakazi wengi wa upande huo leo hawana kanisa lolote. Mzee wa miaka 85 unayemlisha supu ameshasikia watu wa kila aina wakimwambia aamini nini. Huenda yeye au ndugu yake aliiacha imani ili apate shule, au aliishika na shule ikampita. Jambo la namna hiyo haliguswi na mgeni wa miezi michache mwenye Kijerumani cha kuungaunga. Hata wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 hawakuja na viza ya mwaka mmoja. Sasa mtazame yule bibi. Anakuachia mkono wake, kidole baada ya kidole, na anataka wimbo. Katika barua yako yote hapo ndipo penye mtu halisi, na ndipo ulipowaficha watu wa usharika wako.

Kuhusu ukavu wa sala, usiufanye ushahidi kwamba hukuitwa. Barua za Mama Teresa wa Kolkata zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba aliishi katika giza la namna hiyo kwa miongo mingi, na kazi haikusimama. Rudi kwenye sala fupi. Wamoravian wa Herrnhut, katika jimbo uliko la Sachsen, wamekuwa wakichapisha kitabu cha aya za kila siku tangu 1731: aya moja ya Agano la Kale na moja ya Agano Jipya. Ukipata nakala, soma hizo mbili, nyamaza kidogo, ulale. Ila usiite kila kitu jaribu la kiroho. Mwezi Desemba huko jua huchomoza karibu na saa mbili asubuhi na kuzama kama saa kumi jioni, na giza hilo huwaangusha hata wenyeji. Kama hulali, huli, au machozi yanakutoka bila sababu, mwambie msimamizi wa wanaojitolea akupeleke kwa daktari wiki hii hii.

Basi, kurudi. Usiamue sasa, maana ukirudi leo utarudi na ile hadithi, na utalazimika kuisimulia madhabahuni. Mwandikie kwanza mchungaji peke yake, si barua ya kusomwa. Mwambie ni taarifa zipi hazikuwa za kweli, na umwombe mpatane jinsi usharika utakavyoelezwa. Barua ya mwezi ujao iwe fupi: zamu yako inaanza saa ngapi, bibi wa kucha anapenda wimbo upi katika kitabu cha Mwimbieni Bwana, na kwamba Jumapili kanisani mnakaa wachache. Mchungaji akikasirika, au akikutaka uendelee kupamba, dayosisi ina mtu anayesimamia waliotumwa, mwandikie huyo. Ukishajibiwa, na majira ya baridi yakipita, kama bado unataka kurudi, omba kurudi bila aibu.