Kuweka taa yenye kihisi mwendo kwenye nyumba ya mbao

Anayeishi Mubambiro, kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Sake, hapangi nyumba yake kwa kutegemea waya wa umeme peke yake. Umeme wa Virunga Energies unaofika Goma hutoka Matebe, Rutshuru, kwenye kituo cha megawati 13.8 kilichoanza kazi 2015, na nguzo zinazouleta zinapita penye volkano na penye vita. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, mitaa mingi ilibaki gizani. Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa. Kwa hiyo hapa tunachukua nyumba ya kawaida ya upande huo: kuta za mbao, paa la manjanja (mabati), ua uliojaa mawe ya volkano, na umeme wa jua.

Usiku wa huko ni wa saa 12 karibu mwaka mzima. Taa ya LED ya wati 10 ikiwaka mpaka asubuhi inakula wati-saa 120. Betri ndogo ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84 tu, na ukizoea kuishusha chini ya nusu itakufa kabla ya wakati wake, kwa hiyo halali yako ni 42. Taa uliyowasha saa kumi na mbili jioni inazimika saa nne usiku, wakati ambao ndiyo kwanza unaihitaji. Ukiiwekea kihisi mwendo kinachoiwasha kwa sekunde 30 kila mtu anapopita, na watu wakapita mara 20, taa itawaka dakika 10 kwa usiku mzima. Hiyo ni kama wati-saa 1.7. Hakuna paneli utakayonunua itakayokupa faida kubwa kuliko hiyo.

Kihisi cha kawaida, kile chenye kikofia cheupe cha plastiki kama yai lililokatwa, hakitoi mwale wowote. Kinasubiri joto. Kila mwili wa binadamu au mnyama unatoa miali ya joto isiyoonekana kwa macho, na kikofia kile kimegawanywa vipande vidogo vya lenzi ili mtu anayetembea aonekane akiingia kipande kimoja na kutoka kingine. Mabadiliko hayo ndiyo yanayowasha taa. Ndiyo maana anayekuja akikielekea moja kwa moja huonekana kwa kuchelewa, na anayekatiza mbele yake huonekana mara moja. Ndiyo maana pia kihisi kinafanya kazi vizuri zaidi kwenye baridi. Mubambiro iko karibu na ziwa Kivu, ambalo lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi, hivyo mwili wa mtu unatofautiana waziwazi na ukuta ulio nyuma yake. Mombasa au Dar es Salaam, usiku wa Februari, kihisi kile kile huanza kupunguza umbali wake kwa sababu ukuta nao una joto.

Tuje kwenye umeme, maana wengi hupotelea hapo.

Kihisi chenyewe hakili kitu. Kile kidogo ambacho mafundi wa elektroniki wanakijua kwa namba HC-SR501 hutumia chini ya sehemu 65 za milioni ya ampea kikiwa kimetulia. Wanaokula ni majirani zake. Kidhibiti cha chaji, hata kama hakuna taa iliyowaka, kinaweza kutumia milliampea 10 mchana na usiku; kwa volti 12 hiyo ni karibu wati-saa 3 kwa siku, zaidi ya taa yenyewe. Mlaji mkubwa kuliko wote ni mashine ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220. Ikiachwa imewashwa bila kazi inaweza kutumia wati 8, na kwa siku moja hizo ni wati-saa 192. Betri yetu ya ampea-saa 7 haifiki hata usiku wa manane. Kwa hiyo usinunue taa ya ukumbini ya volti 220 yenye kihisi kwa sababu tu inang'aa dukani. Tafuta taa ya volti 12 na kihisi cha volti 12 kilicho tayari, chenye waya mbili za kuingiza na mbili za kutoa, uache mashine ya kugeuza umeme izimwe usiku. Ukitumia kile kidogo cha HC-SR501, jua kwamba hakiwezi kuwasha taa kwa nguvu zake. Kinatoa volti 3.3 za ishara tu, na fundi lazima aweke transista au rilei katikati.

Jumla ya mahitaji ya usiku, pamoja na kidhibiti na upotevu wa njiani, itakuwa chini ya wati-saa 10. Betri ile ndogo inakupitisha siku nne za mawingu. Sasa chomeka simu moja yenye betri ya milliampea-saa 5,000: imekunywa karibu wati-saa 19, mara mbili ya ulinzi wa nyumba nzima. Sisemi simu isichajiwe. Nasema ihesabiwe, na kama simu za nyumbani ni tatu, mpango ni wa paneli ya wati 50, si ya 10.

Wati za paneli nazo zinahitaji kusomwa kwa rula, si kwa maandishi ya boksi. Paneli nzuri ya leo inatoa kama wati 200 kwa mita moja ya mraba, jua likiwa kali la saa sita mchana. Paneli yenye ukubwa wa karatasi ya kawaida ya ofisini, basi, haiwezi kuzidi wati 12 au 13, na ya sentimita 10 kwa 10 inaishia wati 2. Zile taa za kubandika ukutani zinazopangwa kwenye meza za Birere, mjini Goma, zikiwa zimeandikwa wati 100 au 200, pima kioo chake cha juu kisha ucheke. Betri za lithiamu za duara ni hivyo hivyo: ya ukubwa wa 18650 kwa kawaida haizidi sana milliampea-saa 3,500, hivyo ile iliyoandikwa 9,800 inakudanganya, na mara nyingi ni nyepesi mkononi kuliko gramu 45 ambazo betri halisi hukaribia.

Taa hizo za kila kitu ndani ya kimoja si mbaya zote. Kasoro yake ni kwamba mahali panapofaa kihisi, chini ya ukingo wa paa, ndipo jua lisipofika. Chagua yenye paneli iliyotengana na taa kwa waya wa mita 3 au zaidi; paneli ipande juu ya manjanja, taa ibaki chini.

Juu ya paa, usihangaike sana na dira. Karibu hivi na ikweta, jua la saa sita hupita upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba, kwa hiyo hakuna upande wa kudumu. Inamisha paneli digrii 10 hadi 15, si kwa ajili ya jua bali ili mvua iioshe. Kama huna kikwazo, iinamishe kuelekea mashariki: wakati wa masika mawingu na mvua hupenda kuja alasiri, na milima ya Masisi iko upande jua linakozama. Weka fyuzi ya ampea 2 au 3 karibu kabisa na betri, kwenye waya wa chanya. Waya ukigusana na mwenziwe ndani ya ukuta wa mbao, fyuzi hiyo ndiyo itakayokata kabla moto haujashika, na nyumba za mbao zimejengwa kwa kubanana kiasi kwamba moto hauishii kwako.

Kufunga kihisi kwenyewe si kazi ngumu, ila kunahitaji kutazama kwanza. Kiweke urefu wa mita 2 hadi 2.5, kwenye mhimili wa nyumba na si kwenye ubao unaotikiswa na upepo. Kielekeze kikatize njia ya kuingilia, kisitazame lango uso kwa uso. Kisitazame barabara kuu pia: injini ya lori na taa zake zitakiwasha usiku kucha, na hata chukudu (baiskeli ya mbao) linalosukumwa na mtu lina mtu. Mbabula (jiko la makaa) ya jirani, bomba la moshi la jiko, majani ya migomba yanayopeperuka jua la jioni likiyapasha, hivyo vyote vinakisumbua. Mbuzi na mbwa ni hesabu ya pili. Ukibandika kipande cha utepe mweusi kwenye nusu ya chini ya kikofia, unaondoa sehemu ya ardhi wanakopita, na watu wazima bado wanaonekana.

Ukikiwasha mara ya kwanza kitahangaika kwa dakika nzima, kikiwasha na kuzima ovyo. Kiache kizoee. Kisha geuza viskrubu vyake viwili, kimoja cha muda na kimoja cha umbali, ukianza na muda mfupi kabisa, na mtume mtoto apite huku na huku gizani.

Muuzaji anaweza kukushawishi uchukue kihisi cha rada, akisema kinaona hata nyuma ya ukuta. Ni kweli, na hilo ndilo tatizo. Mawimbi yake yanapenya mbao bila shida, kwa hiyo taa yako itawaka kila jirani anapojigeuza kitandani. Kwenye ukuta wa mawe kina nafasi yake. Kwenye mbao, baki na cha joto, ambacho hakioni hata kupitia kioo cha dirisha.

Kuhusu kuunganisha kihisi na simu: vile vya Wi-Fi vinahitaji ruta inayowaka saa zote, na ruta inakula kuliko taa. Vya Zigbee (redio ya nguvu ndogo) hukaa mwaka au zaidi kwa betri ya kidonge, lakini navyo vinataka kituo cha kuvipokea chenye umeme wa kudumu. Kwa duka au ghala lisilolaliwa na mtu, kifaa chenye laini ya simu kinachotuma ujumbe mfupi kinatosha. Hakikisha tu betri inaweza kutoa ampea 2 kwa nukta moja kinapotafuta mtandao, la sivyo kitajizima na kujiwasha bila kutuma lolote.

Liko jambo jingine ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayalisemi. Mubambiro ni mahali penye kambi ya kijeshi, na askari wa pande nyingi wamepita hapo. Mwanga mkali unaomrukia mtu mwenye bunduki gizani, au king'ora kinachopiga kelele, unaweza kuleta hatari badala ya kuizuia. Mimi ningeweka taa hafifu inayomulika chini mlangoni, na king'ora kisingekuwepo kabisa. Kwenye vyoo vya pamoja na njia zake ningefanya kinyume: taa ibaki ikiwaka kwa mwanga mdogo muda wote, na kihisi kiiongeze tu mtu anapokaribia, maana mwanamke anayetoka usiku hapaswi kuingia gizani kwanza ndipo taa imtambue. Na waya, betri au vyuma vilivyoachwa kwenye mahandaki na kambi zilizohamwa visiokotwe kwa ajili ya kazi hii, hata vikionekana vizima. Mabomu yaliyoanguka bila kulipuka yanafanana na takataka nyingine. Ukikiona chuma usichokijua, usikiguse, weka alama kwa mbali na toa taarifa.

Kinachobaki ni usafi. Upepo mara nyingi huvuta moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira kuelekea magharibi, yaani upande wa Sake na Masisi, na mvua inayopita ndani yake hushuka na asidi inayokula chuma. Paka grisi kwenye vichwa vya betri na viungo vya waya, funga viungo vya nje ndani ya kiboksi cha plastiki chenye tundu upande wa chini, na futa kioo cha paneli na kikofia cha kihisi kwa kitambaa laini chenye maji tu. Utando wa buibui mbele ya kikofia unatosha kuwasha taa usiku mzima. Fanya hivyo mwanzoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Machi, kabla mvua hazijakaza, na siku hiyo hiyo pima betri ya risasi asubuhi kabla jua halijaigusa: ikisoma chini ya volti 12.2 baada ya usiku wa kawaida, paneli imepata kivuli au betri imechoka.