USALAMA WA ABIRIA: ESANSI NDANI YA GARI NA BARABARANI



Kazini sheria tunazijua. Hakuna anayeshuka shimoni bila kofia, hakuna anayewasha sigara karibu na baruti. Lakini siku ya mapumziko mtu huyo huyo anapanda bisi ya kwenda Luvungi ao Uvira, anaketi juu ya mifuko, na chini ya miguu yake kuko bidoni ya esansi. Hasemi neno. Anafikiri usalama wa safari ni kazi ya shofere na ya polisi wa barabara, yeye kazi yake ni kulipa.

Tuchukue mfano ambao kila mtu wa Bonde la Ruzizi anaujua. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, kamyo ya tangi ilipinduka katika Sange, kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Luvungi na Uvira. Mafuta yakamwagika. Watu walikuja na bidoni na ndoo kuyachota, wengine walisimama kutazama tu. Wengine hawakuwa hata barabarani: walikuwa ndani ya vyumba vya sinema, wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukalipuka. Zaidi ya watu 230 walikufa, na kati yao watoto wengi. Maiti nyingi hazikutambulika, zikazikwa katika makaburi ya pamoja.

Kwa nini hata waliokuwa ndani ya nyumba walikufa? Esansi inatoa mvuke wakati wote, hata usiku wa baridi. Mvuke huo hauonekani, tena ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Unatambaa chini, unafuata mtaro, unaingia mlangoni. Ukikuta jiko la makala, taa ya petroli, sigara ao cheche ya moteri, unawaka, na moto unarudi mpaka pale mafuta yalipo. Ninyi wa shimoni mnaelewa upesi: ni kama gesi mbaya ya chini ya ardhi, ila hapa iko sokoni, katikati ya watoto.

Sasa, polisi. Wawili ao watatu wenye filimbi hawawezi kuzuia umati wenye ndoo. Kazi yao pale ni kusimamisha magari pande zote mbili na kuwafukuza watu. Wakifanya hivyo, msiseme kwamba wanataka mafuta yawe yao. (Najua, kwenye bariera tumelipa franka nyingi bila risiti, na moyo unashuku. Siku hiyo tiini kwanza, malalamiko baadaye.) Ondokeni upande upepo unakotoka, angalau mita 300. Tangi likianza kuwaka, mita 800. Mama walio karibu wazime majiko ikiwa mafuta hayajafika kwao. Kama harufu imeingia ndani, wasiguse kitu, watoke na watoto. Na mtoto asitumwe kamwe kuchota.

Turudi ndani ya bisi. Bidoni ya esansi haisafiri pamoja na watu, hata ikiwa imefungwa kwa plastiki na kamba. Mwambie shofere kwa heshima, mbele gari haijaondoka: “Ndugu, shusha ile bidoni, ao unirudishie feza yangu.” Abiria mmoja akisema, anachekwa. Watano wakisema, bidoni inashuka. Tazameni pia karatasi ya bima kwenye kioo. Tangu 1973 sheria ya nchi yetu inalazimisha kila gari kuwa nayo, na bila bima familia ya aliyeumia inabaki na deni la hospitali.

Mtu nguo zake zikishika moto, asikimbie. Mlazeni chini, mbingirisheni, mfunikeni kwa blanketi ya pamba. Kisha mwagieni maji safi ya baridi dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya mawese, udongo: hapana! Vinashika joto ndani na vinaleta uchafu katika kidonda, na sisi wa dispensari tunapaswa kuviondoa kwa maumivu makali. Nguo iliyoshikamana na ngozi msiivute. Funikeni kwa kitambaa safi, na mvueni pete na saa mapema, mbele vidole havijavimba.